Kuweka Linux kwenye kompyuta ya mezani ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanahusu kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Intel au AMD, iliyokuja na Windows, ambayo mwenyewe sasa anataka kuiwekea mfumo endeshi mwingine. Majibu mengi yanaelekea Linux kwa sababu ndiko kwenye chaguo nyingi. Mac za zamani zina vituko vyake na hazimo humu.

Kompyuta inahesabiwa kuwa ya zamani kuanzia wapi?

Mpaka wa siku hizi umechorwa na Windows 11. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, UEFI (programu ya ubao mama inayowasha kompyuta, mrithi wa BIOS) yenye uwezo wa Secure Boot (kuruhusu tu mifumo iliyotiwa saini kuwaka), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa Intel, ukiondoa chache, orodha hiyo inaanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017. Kizazi unakisoma kwenye jina la prosesa: i5-4570 ni kizazi cha 4, i3-2100 ni cha 2, i7-7700 ni cha 7. Zote tatu zimeachwa nje, ingawa ya kwanza na ya mwisho zina nguvu za kutosha kwa kazi yoyote ya ofisi.

Chini ya hizo kuna Core 2 Duo za kuanzia 2006, ambazo bado zinafaa ukizipa RAM ya kutosha. Pentium 4 na wenzake ni habari nyingine. Nitazigusa kwenye swali la biti 32.

Windows 10 yangu inawaka vizuri tu. Haraka ya nini?

Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani waliojiandikisha kwenye mpango wa nyongeza walipewa masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo mashine itaendelea kuwaka, ila tundu la usalama likigunduliwa halizibwi.

Kinachokuja kukubana zaidi ni programu, hasa kivinjari. Windows 7 iliachwa Januari 2020, na mapema 2023 Chrome nayo ikaacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake. Windows 10 itafuata njia hiyo hiyo. Kama kompyuta yako haigusi intaneti kabisa, kazi yake ni kuendesha mashine fulani kwa programu fulani, iache ilivyo.

Nasikia Windows 11 inaweza kulazimishwa. Si hiyo ndiyo rahisi?

Inaweza. Rufus, programu ya kuandika flashi, ina visanduku vya kuruka ukaguzi wa TPM na RAM. Lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho, na kuanzia toleo la 24H2 kuna ukuta usiorukika: prosesa isiyo na maagizo ya SSE4.2 na POPCNT haiwaki kabisa. Hapo Core 2 zimekwisha. Kwa mashine ya kizazi cha 6 au 7 yenye SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) na RAM ya GB 8 sitakubishia. Kwa mashine yenye GB 4 na diski ya kuzunguka, utakuwa umejitafutia mateso ya hiari.

Linux ni nini, na kwa nini zipo nyingi?

Linux yenyewe ni kiini cha mfumo endeshi, kilichoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991. Watu na makampuni mbalimbali huchukua kiini hicho, wakakifungasha pamoja na meza ya kazi, kivinjari, programu za ofisi na njia ya kupata masasisho. Furushi hilo linaitwa distro. Debian, Ubuntu, Fedora na Linux Mint zote ni distro. Nyingi ni bure, na kuzisakinisha kwenye kompyuta kumi si kosa.

Nichague distro ipi?

Swali hili ndilo linalopotezea watu muda mwingi kuliko yote, na uzito wake ni mdogo kuliko unavyodhaniwa. Kompyuta ileile, yenye kivinjari kilekile kilichofungua kurasa zilezile, haibadiliki sana kwa kuhama kutoka distro moja kwenda nyingine. Kinachotofautiana ni meza ya kazi: jinsi menyu na madirisha yanavyochorwa, na RAM inayoliwa kabla hujafungua chochote.

Pendekezo langu kwa mtu anayetoka Windows ni Linux Mint yenye meza ya kazi ya Xfce. Menyu iko chini kushoto, dirisha linafungwa mahali pale pale ulipozoea, na matoleo ya familia ya 22 yatahudumiwa hadi 2029. Mint wanataja RAM ya GB 2 kuwa ya chini kabisa na GB 4 kuwa ya kustarehe. Mimi ningeisoma ile GB 2 kama onyo. Ukiwa na GB 8 na kadi nzuri ya picha, chukua Mint ya Cinnamon, inapendeza zaidi.

Kwa mashine yenye GB 2, jaribu Lubuntu, inayotumia meza ya kazi nyepesi iitwayo LXQt, au MX Linux, au antiX ambayo ndiyo nyepesi kuliko zote nilizotaja hapa lakini sura yake inahitaji kuzoewa. Debian yenyewe ni imara na haina haraka ya mabadiliko, ila inakuachia maamuzi mengi zaidi. Anayetaka kivinjari tu anaweza kuangalia ChromeOS Flex ya Google, inayotaka RAM ya GB 4 na diski ya GB 16; ujue tu kwamba inafuta diski yote na haikai pamoja na Windows.

Nitajuaje kama mashine ni ya biti 32 au 64?

Ndani ya Windows, fungua mipangilio, ingia sehemu ya mfumo, kisha maelezo kuhusu kompyuta. Soma mstari wa aina ya mfumo kwa makini, maana unasema mambo mawili: mfumo endeshi ni wa biti ngapi, na prosesa ni ya biti ngapi. Kompyuta nyingi ziliuzwa na Windows ya biti 32 juu ya prosesa ya biti 64. Ukiona x64, una uhuru wote. Core 2 zote ni za biti 64, na kwa AMD hali hiyo ilianza na Athlon 64 mwaka 2003.

Kama prosesa kweli ni ya biti 32, milango inafungwa. Ubuntu iliacha kutoa flashi ya aina hiyo 2017, Mint kuu ikafuata na toleo la 20, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi cha biti 32. AntiX bado inazikumbuka. Hata hivyo, mashine ya namna hiyo leo ni ya kuandikia maandishi au kuchezea michezo ya kale. Kurasa za sasa zitaishinda.

Ninunue kifaa chochote kabla ya kusakinisha?

Kimoja: SSD. Kama kompyuta bado ina diski ya kuzunguka, kuibadilisha kutaleta tofauti kubwa kuliko distro yoyote. SSD ya kawaida ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA inaingia karibu kila kompyuta ya mezani ya kuanzia 2006. Usihofu kwamba SATA ya ubao wako ni ya kizazi cha 2, ya gigabiti 3 kwa sekunde. Faida ya SSD haiko kwenye kasi ya kuhamisha faili kubwa. Iko kwenye kuokota maelfu ya vifaili vidogo bila kusubiri kichwa cha diski kitembee, na hiyo unaipata hata kwenye SATA ya zamani.

Kuna faida ya pili isiyotajwa sana. Ukifunga SSD mpya, diski ya zamani unaichomoa na kuiweka kando ikiwa na Windows yako nzima. Mambo yakienda kombo, unairudisha na kuwasha kama kawaida.

RAM inafuata. Kabla ya kununua, jua ni DDR2, DDR3 au DDR4, kwa sababu haziingiliani hata kwa kulazimisha: pengo la kwenye vijiti limekaa mahali tofauti. Kutoka GB 4 kwenda 8 utasikia nafuu. Kutoka 8 kwenda 16, kwa kazi za kawaida, hutaona kitu.

Nifanye nini kabla ya kugusa diski?

Toa nakala rudufu kwenye diski ya nje, kisha ichomeke kwenye kompyuta nyingine uone kama faili zinafunguka. Watu hukumbuka picha na nyaraka. Wanavyovisahau ni hivi: nenosiri zilizohifadhiwa ndani ya kivinjari, alamisho, barua pepe zilizokaa ndani ya Outlook, data ya programu ya hesabu ambayo haiko kwenye folda ya nyaraka, na vitu vilivyoachwa juu ya meza ya kazi ya Windows miaka na miaka.

Ukiwa bado ndani ya Windows, angalia kama BitLocker, kifungio cha Windows kinachosimba diski, imewashwa. Kama imewashwa na unataka Windows ibaki, hifadhi ufunguo wake wa kuokolea mahali pengine, au izime na usubiri imalize kufungua diski. Zima pia ule uwashaji wa haraka ulio kwenye mipangilio ya umeme. Ukiuacha, Windows haizimiki kikamilifu. Inalala, na Linux itakataa kuandika kwenye diski iliyo katika hali hiyo.

Flashi inatengenezwaje?

Pakua faili ya ISO, yaani distro nzima ndani ya faili moja, kutoka tovuti ya distro yenyewe. Flashi ya GB 8 inatosha kwa nyingi. Kuburuta faili ya ISO na kuidondosha ndani ya flashi hakusaidii. Lazima iandikwe kwa programu maalumu, na chochote kilichokuwemo kitafutika. Kwenye Windows tumia Rufus au balenaEtcher. Ventoy ni ya aina yake: unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha hapo ndipo kweli unadondosha ISO, hata tano, na kuchagua moja wakati wa kuwasha. Ukiwa bado unalinganisha distro, Ventoy inakuokolea muda.

Kagua upakuaji kabla ya kuandika. Tovuti ya distro inaonyesha mfuatano mrefu wa herufi unaoitwa SHA256. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike `certutil -hashfile`, jina la faili, kisha `SHA256`, na ulinganishe. Faili iliyokatika katikati ya upakuaji huleta hitilafu za ajabu ambazo hutadhani zimetoka huko.

Nimechomeka flashi, lakini Windows inawaka kama kawaida.

Kompyuta haijaambiwa ianzie kwenye flashi. Iwashe upya na ubonyeze mfululizo kitufe cha menyu ya kuwashia: F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, Esc au F9 kwa HP, F8, F11 au F12 kwa mashine nyingi za kuungaunga. Flashi isipoonekana, ihamishie kwenye tundu la nyuma lililo moja kwa moja juu ya ubao mama, ikiwezekana la USB 2. Matundu ya mbele na vigawanyio vya USB husumbua mashine za zamani. Zikigoma kabisa, DVD bado inafanya kazi kwa ISO isiyozidi GB 4.7.

Secure Boot, kama mashine yako inayo, huna haja ya kuizima kwa Ubuntu, Mint, Fedora au Debian.

Mfumo umewaka kutoka kwenye flashi. Nisakinishe sasa?

Bado. Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka. Hali hii ya majaribio haiandiki chochote kwenye diski yako, kwa hiyo itumie nusu saa nzima. Unganisha mtandao. Cheza video, usikilize sauti. Chapisha ukurasa. Chomeka kamera, skana, chochote unachokitegemea. Ilaze mashine kisha iamshe. Mambo yatakuwa mazito kidogo kwa kuwa flashi ina mwendo wa pole, hilo lisikuogopeshe.

Halafu fungua programu ya diski iliyomo na usome taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea. Ukikuta idadi ya sekta zilizohamishwa au zinazosubiri kuhamishwa imepanda juu ya sifuri, diski inaelekea kufa, na huenda ndiyo iliyokuwa ikifanya Windows iwe nzito miaka yote hii. Kusakinisha mfumo mpya juu yake ni kupaka rangi ukuta wenye ufa.

Kisakinishi kinauliza kuhusu diski. Futa yote, au weka kando ya Windows?

Kama una diski moja na nakala rudufu ipo, futa yote. Kuweka mifumo miwili kwenye diski moja kunawezekana, kisakinishi kitapunguza patisheni (sehemu ya diski) ya Windows na kukuwekea menyu ya kuchagua. Lakini kunagawa nafasi ambayo tayari ni ndogo, na mara kwa mara Windows ikisasishwa huvuruga mpangilio wa kuwasha. Nimeona pia kwamba mwenye mifumo miwili hurudi Windows kila anapokwama kidogo, na mwaka unapita Linux haijazoeleka. Ukiihitaji Windows kweli, mpe kila mfumo diski yake. Kompyuta ya mezani ina nafasi ya diski mbili, tofauti na laptopu nyingi.

Ukiamua kuziweka pamoja, punguza patisheni ya Windows ukiwa ndani ya Windows yenyewe, na hakikisha flashi imewaka kwa njia ileile Windows iliyosakinishwa nayo, BIOS ya kale au UEFI. Ukizichanganya, menyu ya kuchagua mfumo haitaiona Windows.

Kisakinishi hakioni diski yoyote.

Ingia kwenye BIOS, tafuta mpangilio wa SATA. Ukiwa kwenye RAID au Intel RST, ubadilishe kuwa AHCI. Tahadhari: Windows iliyosakinishwa chini ya RAID inaweza kukataa kuwaka baada ya hapo, kwa hiyo fanya hivi pasipo wasiwasi tu kama Windows inaondoka.

Skrini inakuwa nyeusi baada ya menyu ya kwanza.

Mara nyingi ni kadi ya picha, hasa Nvidia. Kwenye menyu ya flashi chagua hali ya utangamano au ya picha salama. Kama haipo, bonyeza `e`, nenda kwenye mstari unaoanza na neno `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni, kisha F10. Ukishasakinisha, fungua programu ya kusimamia draiva uone kama kuna draiva inayopendekezwa. Kadi za Nvidia za zamani sana haziungwi mkono tena na draiva mpya za kampuni. Hizo zibaki na draiva huria ya nouveau.

Wi-Fi haionekani.

Kompyuta nyingi za mezani hazikuwa nayo tangu mwanzo, na waya wa mtandao hufanya kazi bila kuuliza chochote. Kama una kadi ya Wi-Fi isiyotambuliwa, Broadcom zikiwa maarufu kwa tabia hiyo, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kupitia USB. Linux itaiona kama mtandao wa waya, nawe utapakua draiva.

Tovuti zote zinagoma zikisema cheti si halali.

Tazama saa. Kompyuta iliyokaa muda mrefu huwa na betri ya ubao mama iliyokufa, ile ya duara ya CR2032, na kila ikichomolewa umeme inarudi mwaka wa nyuma kabisa. Kivinjari kikiona tarehe ya 2009 kinakataa vyeti vyote, na hata `sudo apt update`, amri ya kusasisha orodha za programu, inalalamika kwamba orodha za programu bado hazijaanza kuwa halali. Badilisha betri, kisha upange upya tarehe na mpangilio wa kuwasha ndani ya BIOS.

Kama saa inaruka kwa masaa kamili kila unapohama kati ya Windows na Linux, hiyo si betri. Windows inaichukulia saa ya ubao kuwa saa za mahali ulipo, Linux inaichukulia kuwa UTC, saa ya pamoja ya dunia. Andika `timedatectl set-local-rtc 1` kwenye Linux na ugomvi utaisha.

Programu zangu za Windows zitaendelea kufanya kazi?

Nyingine zina toleo la Linux: Firefox, VLC, GIMP, Zoom. Kwa Word na Excel kuna LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi faili za aina hiyo; barua na jedwali za kawaida hazina shida, ila waraka wenye mpangilio mgumu au jedwali lenye makro linaweza kuvurugika. Office ya ndani ya kivinjari nayo inafunguka. Wine, mradi wa tangu 1993, huendesha programu kadhaa za Windows, na zilizo za zamani huwa tiifu zaidi.

Photoshop ya sasa, AutoCAD, na programu za uhasibu zinazotegemea Windows: usizitarajie. Kama riziki yako iko ndani ya mojawapo ya hizo, mashine hiyo ibaki na Windows.

Na printa?

Za HP na Brother kwa kawaida hazisumbui, na printa yoyote ya mtandao yenye AirPrint hutambuliwa bila draiva. Baadhi ya leza ndogo za Canon za zamani ni kichomi. Ndiyo sababu nilisema chapisha ukurasa ukiwa bado kwenye flashi.

Nahitaji antivirusi?

Kwa matumizi ya nyumbani, hapana. Sakinisha masasisho na uchukue programu kutoka ghala la distro yako.

Lazima nijue kuandika amri?

Kwa Mint au Ubuntu, siku nyingi zitapita bila kugusa dirisha la amri. Utakapotafuta msaada utapewa amri kwa sababu ni rahisi kunakili kuliko maelezo ya bofya hapa, bofya pale. Usinakili amri yenye `sudo`, inayoipa amri mamlaka yote, kama huelewi inafanya nini, hasa ikiwa na `rm` (kufuta faili) au `dd` (kuandika moja kwa moja juu ya diski) ndani yake.

Nimeshasakinisha, na bado ni nzito.

Fungua kisimamizi cha kazi uone nini kinakula RAM. Jibu karibu daima ni kivinjari. Punguza vichupo, weka kizuizi cha matangazo, ondoa viongezi usivyotumia. Kama RAM imejaa na taa ya diski haizimiki, mfumo unatumia diski mahali pa RAM. Washa zram, inayobana data ndani ya RAM yenyewe. Kama RAM ipo ya kutosha lakini video inakatakata, prosesa au kadi ya picha haina uwezo wa kufungua mfumo wa video unaotumwa. Shusha ubora hadi 720p au 480p. Na kama kila kitu kinachelewa bila sababu, fungua kasha uondoe vumbi kwenye feni ya prosesa: prosesa inayochemka hujipunguzia mwendo.

Nikitaka kurudi Windows?

Kama diski ya zamani uliiweka kando, irudishe. Vinginevyo tengeneza flashi ya Windows kwa faili ya ISO kutoka Microsoft, usakinishe upya na kuruka swali la namba ya leseni. Windows 10 iliyowahi kuwezeshwa kwenye ubao mama huo hujitambua ikishapata intaneti, kwa sababu leseni imefungwa kwenye ubao mama na si kwenye diski. Ukiwa umebadilisha ubao mama, hesabu hiyo inaanza upya.